Bakteria wazima, mikia haipo: kisa cha somo la vitendo lililogoma

Mazingira ya kisa

Chuo sitakitaja na watu nao sitawataja, itoshe kujua ilikuwa maabara ya biolojia, wanafunzi wa mwaka wa kwanza, somo la vitendo la masaa matatu, na mada ni jinsi seli zinavyotembea. Mimi nilikuwa msimamizi msaidizi. Wengine wawili nitawaita Fundi, yeye ndo anaandaa sampuli na anaijua ile maabara kuliko sisi wote, na Mwalimu, mwenye somo.

Kwenye karatasi mpango ulikuwa mzuri tu. Kila kundi lipate slaidi tatu. Ya kwanza paramesiamu, yule kiumbe wa seli moja mwenye silia (vinyweleo vya kuogelea) elfu kadhaa mwili mzima, anaogelea karibu milimita 1 kwa sekunde, yaani huyu tatizo sio kumwona, tatizo ni kumkamata asitoke kwenye duara la hadubini. Ya pili klamidomonasi, mwani wa seli moja mwenye flagela (mikia ya kuogelea) mbili kwa mbele, anajivuta majini nazo kama mtu anavyotumia mikono miwili. Ya tatu bakteria, E. coli, straini (aina ndogo) ya maabara isiyo na madhara ambayo tulikuwa na uhakika ina flagela maana miaka ya nyuma ilishaogelea mbele ya macho yetu wenyewe. Wanafunzi waangalie, wachore, waandike kila mmoja anatembeaje.

Jioni ya kuamkia somo Fundi alitoa bakteria kwenye friza akawaotesha kwenye brothi (mchuzi wa chakula cha bakteria) yenye glukosi, inkubeta (kabati la joto) nyuzi 37, usiku kucha, tyubu imesimama tu haitikiswi. Asubuhi tyubu ilikuwa ukungu mtupu. Akaipitisha kwenye sentrifuji (mashine inayozungusha tyubu ili bakteria washuke chini) kwa kasi, akamwaga maji ya juu, akaweka bufa safi (maji ya chumvi yasiyo na chakula), ila yale mashapo ya chini yaligandana yakakataa kuachana, basi akachukua sirinji yenye sindano nyembamba akawa anavuta na kusukuma, anavuta na kusukuma, mara kumi na kitu hivi mpaka madonge yote yakaisha na maji yakawa laini.

Naomba uisome hiyo aya tena kabla hujaendelea, maana majibu yote yamo humo na sisi tuliipita kama haipo. Na wala hakukuwa na uzembe. Glukosi ni kwa sababu bakteria wanakua haraka na wengi. Nyuzi 37 ni kwa sababu ndo namba iliyoandikwa kila mahali ukigusa huyu bakteria. Kuosha ni ili slaidi iwe safi. Sindano ni kwa ajili ya madonge. Kila hatua ukimuuliza Fundi sababu anakupa, tena sababu nzuri.

Kitu kingine cha kukumbuka ni karatasi ya maelekezo ya wanafunzi, ambayo ilikuwa inarithishwa mwaka hadi mwaka bila mtu kuisoma upya. Ilikuwa na sentensi moja kwa viumbe wote watatu: flagela hupiga huku na huku kama mjeledi na kuisukuma seli mbele.

Siku yenyewe

Slaidi ya paramesiamu ilikuwa vurugu ya furaha kama kawaida. Klamidomonasi naye hakutuangusha. Wakafika kwenye bakteria na darasa likaanza kupungua sauti.

Walichokuwa wanaona ni vijiti vidogo vinatetemeka. Vinatetemeka papo hapo, haviendi popote, au vinaenda kidogo vinarudi. Baada ya nusu saa tulikusanya majibu ya awali: makundi saba yameandika wanatembea, manne yameandika hawatembei, moja limeandika wanatetemeka tu kama wana baridi, na hilo ndo lilikuwa jibu la kweli kuliko yote siku ile.

Mwalimu akaniita niangalie. Nikakaa kwenye hadubini kama dakika tano nikasema kwa kujiamini kabisa wanatembea, tazama wote hao wanakwenda kulia. Sasa hilo neno wote ndo lilitakiwa linishtue. Slaidi ilikuwa inakauka upande mmoja, maji yanavutwa kwenda huko, na bakteria wanabebwa kama majani kwenye mtaro. Anayeogelea mwenyewe haendi na wenzake wote upande mmoja kwa mwendo mmoja. Vijiti viwili vilivyo jirani vikienda njia mbili tofauti, kila kimoja kikapita urefu wa mwili wake mara kadhaa bila kurudi, hapo ndo useme kuna kuogelea.

Na kule kutetemeka nako kuna maelezo ya zamani sana. Mwaka 1827 Robert Brown aliona vichembe vilivyotoka kwenye chavua vinatetemeka majini, na vitu visivyo na uhai kabisa navyo vilitetemeka vilevile. Ni molekuli za maji zinakigonga kichembe kutoka pande zote bila mpangilio. Kijiti cha mikromita 2 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) kinagongwa hivohivo, kiwe hai kiwe kimekufa.

Kitu kilichonivutia zaidi nilikiona baadaye, nikiwa nimekusanya michoro. Karibu kila kundi limechora bakteria na mkia, wengine mikia minne mitano, imejipinda vizuri kabisa. Flagela ya E. coli ina unene wa nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya elfu ya mikromita). Hadubini ya mwanga ya kawaida haiwezi kutenganisha vitu vilivyo chini ya nanomita 200 hivi. Bila rangi maalumu au taa maalumu ile mikia haionekani, haikuonekana, na wala siku ile haikuwepo, lakini karatasi ilisema ipo kwa hiyo ikachorwa.

Uamuzi wa kwanza wa Mwalimu ulikuwa mzuri nadhani kuliko yote yaliyofuata. Hakusema jibu sahihi ni lipi. Alichukua tyubu ileile, akagawa kidogo, akaiweka kwenye maji yanayochemka ili kuua kila kitu, akatengeneza slaidi ya wafu akaiweka pembeni ya slaidi ya walio hai. Darasa zima likapanga foleni kuangalia. Mtetemo uleule! Kama ungebadilisha lebo hakuna ambaye angejua. Basi tukakubaliana, bakteria wa leo hawaogelei, na Mwalimu akawaambia wasifute majibu yao ya mwanzo.

Kumtafuta mchawi

Wazo la kwanza lililokuja ni kwamba wamekufa. Fundi hakulipenda hata kidogo, na mimi ndo nililisema kwa hiyo lawama ni yangu. Tukachukua tone tukalipaka kwenye sahani ya agari (chakula cha bakteria kilichogandishwa kama jeli), kesho yake makoloni yamejaa. Wazima wa afya.

Wazo la pili, labda ni straini nyingine, mtu kachanganya tyubu kwenye friza, au straini imepoteza jeni za flagela baada ya kuoteshwa miaka mingi bila kuhitaji kutembea. Hilo linatokea kweli. Kulipima ni rahisi: unachukua agari laini, asilimia 0.3 tu badala ya ile 1.5 ya kawaida, isiyo na sukari, unachoma katikati na kisindano kilichoguswa kwenye tyubu, unaweka inkubeta. Kama hawatembei wanakua palepale ulipochoma, kidoa kidogo kizito. Kama wanatembea wanapenya kwenye vijitundu vya agari na unapata ukungu wa duara unaopanuka kutoka katikati.

Tukachoma kutoka tyubu ileile ya darasani, nyuzi 30, usiku mzima. Asubuhi kuna duara zuri limetanda karibu na ukingo wa sahani.

Fundi akaileta ile sahani mezani akaiweka mbele yangu. "Jana mlisema wamekufa. Haya, huyu aliyefika huku katembezwa na nani?"

Hapo ndo tulikwama kama siku mbili. Tyubu moja, bakteria walewale, chini ya hadubini hawasogei na kwenye agari laini wanatanda. Mimi nikaanza kuilaumu hadubini. Fundi akaanza kuilaumu bufa. Aliyetutoa ni Mwalimu, aliuliza swali ambalo ukilisikia unaona lilikuwa wazi tangu mwanzo: "Hivi sisi tunauliza kama wana flagela, au tunauliza kama siku ile saa nne asubuhi walikuwa nazo?"

Maana agari laini haikuonyeshi seli uliyoichoma. Inakuonyesha watoto wake na wajukuu wake baada ya masaa kumi na kitu, kwenye chakula tofauti na joto tofauti. Seli ilikuwa na muda wa kutosha wa kujenga mkia mpya.

Tyubu tano

Tukarudi kwenye ile orodha ya maandalizi na kuamua kuvunja hatua moja moja. Tyubu ya 1 tuliandaa kama awali ila bila kuipitisha kwenye sindano, kwa sababu kama sindano ndo mkosaji ingetuficha mengine yote. Ya 2 tukatoa glukosi tu. Ya 3 bila glukosi na nyuzi 30 badala ya 37. Ya 4 kama ya 3, lakini tunawachukua wakiwa bado wanakua, ukungu wa wastani, sio tyubu iliyolala usiku kucha na chakula kikaisha, na tunaosha kwa upole, sentrifuji kasi ndogo, mashapo yanaachanishwa kwa kuinamisha tyubu polepole bila kupulizia na pipeti. Ya 5 ni nusu ya tyubu ya 4, tumeipitisha kwenye sirinji ileile na sindano ileile.

Mwanafunzi mmoja alijitolea kuja kusaidia kuhesabu. Tukamficha lebo asijue ipi ni ipi, sio kwa kumwonea, ni kwa sababu mimi nilishajidhihirishia mwenyewe kwamba macho yangu yanaona ninachotaka.

Ya 1, karibu hakuna anayeogelea. Ya 2, mmoja hapa mmoja kule. Ya 3 wapo kiasi ila wavivu. Ya 4 aliangalia akanyamaza, halafu akasema "mwalimu hawa wanakimbia". Na kweli walikuwa wanakimbia. Kijiti kinakwenda moja kwa moja kama sekunde moja, kinajikwaa, kinapepesuka mahali pamoja kufumba na kufumbua, halafu kinachomoka upande mwingine kabisa. Mikromita 20 hadi 30 kwa sekunde, yaani zaidi ya mara kumi ya urefu wa mwili wake. Ukiona hiyo mara moja hutachanganya tena na mtetemo maisha yako yote.

Tyubu ya 5, ambayo dakika ishirini kabla ilikuwa nusu ya tyubu ya 4, ni mtetemo mtupu.

Ila yule mwanafunzi hakuinuka. Akaendelea kuangalia ya 5, akasema kuna mmoja anacheza. Nikaangalia. Kijiti kimenata kwenye kioo kwa ncha moja na mwili mzima unazunguka kama pia ya kuchezea, unazunguka, unasimama, unageuza unazunguka upande wa pili, unageuza tena. Haendi popote, anazunguka tu. Tukakaa pale zaidi ya nusu saa tukipokezana na Fundi akaacha kazi zake akaja naye, na ugomvi wa sahani ukaishia hapo.

Nini kilikuwa kinatokea ndani ya seli

Huyu anayezunguka ndo anaeleza kila kitu kwa hiyo naanza naye. Sindano nyembamba ilikuwa inakata flagela. Ule uzi una urefu wa mikromita 5 hadi 10, mrefu kuliko mwili wenyewe, na ni mwembamba mno, maji yakipita kwa nguvu kwenye tundu dogo yanauvuta mpaka unakatika. Watafiti hufanya hivyo makusudi, sindano na sirinji, wakitaka seli zenye visiki vifupi. Kisiki kikinata kwenye kioo, mota iliyo kwenye ukuta wa seli bado inafanya kazi, lakini sasa uzi umeshikwa, basi mwili ndo unazunguka badala yake. Silverman na Simon walilionyesha hilo mwaka 1974 kwa kuzinatisha seli kwenye kioo kwa kutumia kingamwili, mwaka mmoja baada ya Berg na Anderson kuandika kwamba bakteria huogelea kwa kuzungusha nyuzi zao na sio kuzipinda. Sisi tulilipata kwa bahati, kwa kuharibu sampuli.

Kwa hiyo sentensi ya mjeledi kwa bakteria sio kwamba imerahisishwa, ni uongo. Flagela ya bakteria ni skrubu. Ni uzi mgumu kiasi wenye umbo la msokoto, umeunganishwa na mota ya kweli inayozunguka, na inazunguka zaidi ya mara mia moja kwa sekunde. Haitumii ATP, ile molekuli ya nishati ya seli, moja kwa moja. Protoni (ayoni za haidrojeni) zinazorudi ndani kupitia utando ndo zinaisukuma, kama maji yanavyosukuma gurudumu, na wapo bakteria wa baharini wanaotumia ayoni za sodiamu kwa kazi hiyohiyo. E. coli ana flagela kadhaa. Zikizunguka zote kinyume cha saa zinajikusanya nyuma kuwa kama msuko mmoja na seli inakimbia, moja au mbili zikigeuza msuko unafumuka na seli inajikwaa. Ndo kule kukimbia na kupepesuka tulikokuona tyubu ya 4, na ndo kule kugeuza mwelekeo kwa yule anayezunguka kama pia.

Paramesiamu na klamidomonasi ni habari nyingine kabisa ingawa jina flagela linatumika kote. Silia na flagela zao zina unene wa nanomita 250 hivi, mara kumi na zaidi ya uzi wa bakteria, zimefunikwa na utando wa seli, na ndani kuna mirija midogo, jozi 9 pembeni na mirija 2 katikati. Protini iitwayo daineini inatumia ATP kuzifanya jozi jirani ziteleze moja juu ya nyingine, na kwa kuwa zimefungwa pamoja, kuteleza kunageuka kupinda. Mkia wa mbegu ya kiume umejengwa hivohivo, na silia za njia yako ya hewa zinazosogeza kamasi nazo zimejengwa hivohivo. Huku inapinda, kule inazunguka, na hata protini zake hazina undugu.

Halafu kuna jambo la maji yenyewe ambalo mimi binafsi lilinichukua miaka kulikubali. Kwa kitu kidogo kiasi hicho maji ni mazito ajabu. Mwanafizikia Purcell alipiga hesabu mwaka 1977 kwamba bakteria akizima mota ghafla anasimama ndani ya umbali mdogo kuliko upana wa atomu moja ya haidrojeni. Hakuna kuserereka. Na kwa sababu hiyo ukipiga fimbo ngumu huku halafu ukairudisha kwa njia ileile hujaenda popote, unarudi pale ulipoanza, haijalishi umepiga haraka kiasi gani. Lazima safari ya kurudi iwe tofauti na ya kwenda. Silia inafanya hivyo kwa kupiga ikiwa imenyooka na kurudi ikiwa imejikunja, mkia wa mbegu ya kiume unapitisha wimbi kutoka shingoni kwenda nchani, na bakteria anazungusha skrubu, ambayo hairudi nyuma kabisa. Kama mjeledi wa ile karatasi ungekuwa fimbo ngumu ya kwenda na kurudi tu, hakuna ambaye angesogea.

Sasa glukosi. Kujenga flagela ni gharama. Zinahusika jeni kama 50, na uzi mmoja mrefu una vipande kama 20,000 vya protini ya flagelini. E. coli mwenye glukosi tele anashusha kiwango cha AMP mzunguko, ile molekuli ya ishara, na bila hiyo jeni kuu zinazowasha ujenzi wote huu hazikolei. Kwa lugha ya mtaani, aliye mbele ya sahani haendi kutafuta chakula. Joto nalo lina mkono wake, huyu bakteria hujenga flagela vizuri zaidi kwenye nyuzi 30 hivi, nyuzi 37 zinapungua, na ukipandisha juu zaidi unazikosa. Hili wala sio siri mpya, Adler na Templeton waliliandika mwaka 1967, sukari, joto, oksijeni, vyote vimo. Tungesoma kurasa zile kabla ya somo kisa hiki kisingekuwepo.

Na kitendawili cha agari laini nacho kinajibika. Sindano ilikata uzi lakini mota ilibaki. Uzi wa flagela haukui kama nywele kutoka kwenye mzizi, unakua nchani: flagelini zinasukumwa kupitia tundu lililo katikati ya uzi wenyewe mpaka mwisho, zinajipanga huko. Kwa hiyo seli iliyokatwa ikiwekwa kwenye chakula kizuri kisicho na sukari inaanza kurefusha visiki vyake upya, na ya usiku kucha ya Fundi ambayo haikujenga kabisa inaanza kujenga. Sisi tukaja asubuhi tukaona duara.

Siku ya marudio, na tatizo jipya

Wiki iliyofuata tukarudia darasa zima kwa maandalizi ya tyubu ya 4. Kelele zilikuwepo safari hii hadi kwenye slaidi ya bakteria. Halafu baada ya kama dakika kumi kundi moja likainua mkono, mwalimu wamesimama. Kundi la pili. La tatu. Nikahisi jasho.

Ila Fundi, safari hii ndo yeye, akasogeza slaidi badala ya kubishana. Katikati wote wamesimama, wanatetemeka tu. Akaenda pembeni ya kioo cha kufunikia, wanakimbia. Kulikuwa na kipovu cha hewa mahali, na kukizunguka wamejazana kama nzi. Oksijeni imeisha katikati. Kwenye bufa tupu isiyo na chakula cha kuchachusha (kuvunja bila oksijeni), bakteria huyu anahitaji oksijeni kupata nguvu ya kusukuma protoni nje, protoni zisipotoka haziwezi kurudi, mota inasimama. Engelmann alitumia tabia hii mwaka 1882, aliweka bakteria wapenda oksijeni pamoja na mwani chini ya mwanga uliogawanywa rangi, na palipojaa bakteria ndo palipokuwa na usanisinuru mwingi.

Tukaamua kuacha kipovu kimoja kwenye kila slaidi kwa makusudi. Mimi nikapendekeza pia tuongeze glukosi kidogo kwenye bufa, na Fundi akaniangalia kama nimechanganyikiwa, sukari si ndo ilitutesa? Lakini ni kitu tofauti. Wakati wa kukua glukosi inazuia mikia isijengwe. Mikia ikishajengwa, glukosi ileile inamruhusu bakteria achachushe, apate ATP, na ATP hiyo itumike kusukuma protoni nje bila oksijeni, mota iendelee. Tulijaribu slaidi moja, na katikati waliendelea kuogelea wakati slaidi za jirani zimeshalala.

Kilichofaa na kilichoharibu

Slaidi ya wafu ndo iliokoa kila kitu na ilichukua dakika kumi kuitengeneza. Sasa hivi ipo kwenye kila somo letu, inatangulia. Bila ile tungeendelea kupiga kura makundi saba kwa manne kama vile asili inaheshimu wingi. Kuficha lebo pia kulilipa, ingawa nakiri nilikuwa naona ni mbwembwe.

Kuharibika kulianzia kwenye kuuliza swali baya. Tulichukulia flagela kama jina la straini, kitu ambacho bakteria anacho au hana, wakati ni kifaa kinachojengwa, kinachokatika na kinachoishiwa nguvu. Vipimo vyetu viwili vya mwanzo, makoloni na agari laini, vilikuwa vipimo halali vya maswali mengine. Hilo la agari laini bado linaniuma kwa sababu tulikuwa na jibu mkononi na tukaliona kama mkanganyiko.

Mpangilio wa tyubu tano nao una tundu. Kati ya 3 na 4 tulibadilisha vitu viwili kwa mpigo, umri wa tyubu na upole wa kuosha, kwa hiyo siwezi kukwambia kwa uhakika ni kipi kiliamsha wale wavivu wa tyubu ya 3. Nadhani ni umri, maana bakteria wakiishiwa chakula na kuacha kukua mwendo hushuka, lakini ni kudhani tu mpaka arudie mtu mwingine na tyubu sita. Kati ya 4 na 5 hakuna ubishi, pale kilichobadilika ni sindano peke yake.

Na mimi na ile "wote wanakwenda kulia". Niliwahi kuwafundisha wanafunzi jinsi ya kutofautisha mkondo na kuogelea, kwa mdomo wangu, na bado niliangalia mkondo nikaona kuogelea, kwa sababu nilitaka somo liishe salama.

Karatasi ya maelekezo iliandikwa upya. Mjeledi umeondolewa, kila kiumbe ana aya yake, na kwenye sehemu ya kuchora pameongezwa mstari mmoja: chora ulichokiona, kisha pembeni andika unachojua kipo ila hukukiona. Kwenye michoro ya siku ya marudio kundi moja lilichora vijiti vitupu na njia zake kwa nukunuku, mstari mnyoofu, kona, mstari mnyoofu, na chini yake wakaandika "mikia hatukuiona, tumeona kazi yake". Mwalimu aliwapa alama zote.